Misumari ya Bunduki Si "Yote Sawa"

Kijana mmoja fundi wa Githurai ameniandikia akilia. Kanunua bunduki ya misumari ya mtumba, ile ya kupiga misumari kwa hewa ya kompresa, akabeba boksi zima la misumari kutoka hadiwea, na haikai kwenye magazini, yaani sehemu ya bunduki inayobeba misumari. Akilazimisha, inakwama. Nikamwomba picha. Bunduki ni ya digrii 21, misumari ni ya 34. Hapo hata uombewe, haitaingia.

Namwelewa. Wiki iliyopita nimemaliza kupiga kenchi za nyumba huko Ruai, na mwenye nyumba ameshaniunganisha na shemeji yake. Lakini nilipoleta kompresa saiti mara ya kwanza, fundi mkuu wetu alinicheka mbele ya vibarua, akasema hiyo ni mashine ya wavivu, akanirudisha kwenye kukoroga zege. Bado inaniuma, sifichi. Juzi kanipigia simu akiuliza kompresa naikodisha pesa ngapi. Nilimtajia bei ya mgeni.

Turudi kwa misumari. Vijana, someni kibandiko cha bunduki! Digrii ni mlalo wa misumari ndani ya magazini. Ya 21 hushikanishwa kwa plastiki na vichwa vyake ni duara kamili. Ya 28 hushikwa kwa waya. Ya 30 hadi 34 huwa kwenye karatasi, na mingi vichwa vimekatwa upande ili ibanane. Ile ya kuzungushwa kama koili, digrii 15, ndiyo wenzetu wa mapaleti Industrial Area wanaipenda, na ina bunduki yake.

Digrii zikilingana, bado kuna urefu na unene. Bunduki nyingi za kenchi zinaishia inchi 3.5, kwa hiyo wewe uliyezoea inchi 4 ya nyundo usiitafute. Unene unaokubalika umeandikwa pale pale. Na mbao zikiwa zimetiwa dawa, chukua misumari iliyochovywa zinki. Ile nyeusi italiwa na kutu huku mabati yakiwa bado yanang'aa.

Msimwamini muuzaji anayesema "zote zinaingia tu". Yeye hapandi juu ya paa. Beba bunduki yenyewe hadi dukani, bila hewa, uingize ukanda mmoja wa misumari hapo kaunta. Ukiteleza vizuri hadi mdomoni, lipa. Ukigoma, rudisha boksi, hata kama kashaanza kukuandikia risiti.