Duka Umelionea Haya?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma saa nne usiku nikihesabu mauzo. Umeuliza: "Mama, ile programu ya Huntsman kule Pennsylvania wanachukua kama watu 45 tu kwa mwaka. Mtoto wa Kariakoo anaingiaje?" Kwenye simu tungeishia kubishana mpaka salio likate, kwa hiyo nakuandikia.

Nilimwomba kaka yako anifungulie maelezo yao, tukasoma mpaka akasinzia kwenye kiti. Kumbe zile ni shahada mbili kamili: moja ya uchumi inatoka Wharton, ile shule yao ya biashara, na nyingine ni ya masomo ya kimataifa. Zote unazipata ndani ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kwa miaka minne. Juu yake kuna lugha. Unachagua moja, unaisoma mpaka iive, na muhula mmoja unakwenda kusoma kule inakozungumzwa.

Hesabu hazinitishi. Ulipong'ang'ania EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) badala ya ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) nilikwambia unajitesa bure. Leo nameza maneno yangu, maana Wharton wanapenda mtu aliyekwishapambana na kalkulasi. Mtihani wao wa kuombea chuo, SAT au ACT, nao wameurudisha kuwa lazima, jiandikishe mapema. Hayo ya mitihani utayamudu.

Kilichonikosesha usingizi ni insha. Wanauliza nini kinakuvuta kwenye shahada mbili, na suala gani la dunia, pale biashara na mambo ya mataifa yanapokutana, ungelishughulikia. Rasimu uliyonitumia inasema utaondoa umaskini Afrika. Afrika nzima, kwa ukurasa mmoja! Na duka lililokusomesha hukulitaja hata mara moja. Umelionea haya?

Kumbuka Julai 2025, Serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, jumla na rejareja zikiwemo. Mtaani kwetu tulishangilia. Jioni ile wewe ulikwenda kukaa na yule dada wa Kichina wa duka la tatu kutoka letu, mkaongea hicho Kichina chenu, ukarudi ukaniuliza: "Mama, huyu akiondoka, mabegi ya jumla utachukua wapi kwa bei hii?" Sikukujibu. Nilikuwa nimeshangilia na wenzangu, na wiki ileile nilikuwa nimekopa kwake dazeni kumi.

Insha yako ni hiyo. Andika nani anapata na nani anakosa amri kama ile inapotoka, mteja wa Mbagala akiwemo. Na mimi niandike nilivyo, nikipiga makofi huku nina deni lake. Usijifanye una jibu.

Kwenye lugha pia una kisa, ila umekiweka kama cheti tu. Safari yangu ya kwanza Guangzhou, mwaka 2009, mkalimani alikula pande zote: mimi namlipa kwa siku, kiwanda kinampa kamisheni yake pembeni. Nilijua mzigo ulipofika, mabegi zipu hazifungi, katoni kwa katoni. Ndiyo maana nililipa kozi yako ya Kichina pale Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, bila kunung'unika. Usidhani nilikuwa nimezipenda zile herufi.

Barua za walimu nazo tusizipuuze. Shule zetu zimezoea kuandika "tabia yake ni njema", mhuri, basi. Barua ya hivyo haitakusaidia kule. Mfuate mwalimu wako wa uchumi, kaa naye, mkumbushe siku mlipobishana darasani kuhusu ushuru wa nguo. Aandike hilo.

Sasa fedha. Kwa raia wa Marekani, Canada na Mexico hawaangalii uwezo wa familia wanapochagua. Sisi wengine ukiomba msaada wa fedha, ombi lenyewe linaingia kwenye uamuzi, kwa hiyo mlango wetu ni mwembamba zaidi. Lakini ukishapita, wanaahidi kuziba pengo lote wanaloona familia haiwezi. Basi omba msaada, na useme kweli. Usiandike kwamba tutalipa. Hatuwezi, na Bodi ya Mikopo haitatufuata mpaka Philadelphia. Makadirio ya TRA na madaftari yote nitakupa, hata ule mwaka wa hasara.

Kuna maombi ya mapema, mwisho tarehe 1 Novemba, lakini hayo ni kama kupokea posa: wakikukubali, umekubali. Baba yako anataka usubiri Januari ili uwe na vyuo vya kulinganisha. Mimi nasema kama roho yako iko kule, peleka Novemba. Tumebishana kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, na bado hajakubali, kwa hiyo utaamua mwenyewe. Dirisha la udahili wa hapa likifunguliwa, omba Mlimani pia, tena usinikunjie uso. Mlimani si adhabu.

Ukirudi kutoka Morogoro Jumamosi, pitia dukani kwanza. Lile daftari la 2009 lenye jalada la kijani nimelipata chini ya mabunda. Jina la mkalimani lipo ukurasa wa pili na matusi niliyomwandikia, hayo usiyanukuu. Namba ya yule dada bado ninayo, kama utataka kumwuliza lolote kabla hujaandika.

Mama yako