Masharti ya Afya kwa Anayevuka kwa Boti ya Tanga kutoka Mombasa kwenda Pemba

Anayekwenda Unguja kwa ndege huijua saa ya kufika kabla hajafunga mizigo, lakini anayevuka kwenda Pemba kwa boti ya tanga hukadiria tu, na wakati wa janga la Uviko-19 jambo hilo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Kuanzia Mei 2021, Tanzania ilimtaka msafiri awe na cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha virusi, kinachoonyesha kwamba hana maambukizi, na sampuli iwe imechukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili. Saa hizo zilihesabiwa hadi kufika, wala si hadi kung'oa nanga.

Kwa hiyo, cheti cha namna hiyo kikidaiwa, anzeni hesabu kwenye gati la Mkoani, bandari ya Pemba, kisha mrudi nyuma hadi Mombasa. Umbali ni karibu maili 80 za baharini, na chombo kiendacho maili 5 kwa saa kitahitaji saa 16 kwa upepo mwema. Ongezeni muda wa kusubiri majibu ya maabara, muda wa uhamiaji na forodha, na akiba ya siku nzima, kwa sababu upepo hauna ratiba. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, hukusukuma kutoka nyuma, ingawa mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Wakati wa kusi, msimu wa upepo utokao kusini, upepo na mkondo vyote viwili hukupinga, na binafsi nisingemshauri mtu apange safari ya namna hii katika msimu huo ikiwa kuna cheti chenye ukomo wa saa.

Tulipotia nanga tulikuwa tumepandisha bendera ya njano, ambayo huiarifu bandari kwamba chombo kinaomba ruhusa ya afya, na hakuna aliyeshuka kabla ya afisa kuja. Alipitisha kidole kwenye cheti kimoja baada ya kingine akitafuta saa ya kuchukuliwa sampuli. Cheti cha mwenzetu mmoja kilikuwa na tarehe bila saa, nacho kilichukua muda mrefu kuliko vingine vyote kwa pamoja. Kisomeni cheti mkiwa bado dirishani pa maabara: jina lilingane na la pasipoti, na saa iwepo.

Nahodha naye aandae mapema orodha ya watu wote waliomo chomboni pamoja na tamko la afya la baharini, fomu inayoeleza kama kuna mgonjwa chomboni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote, lakini anayechanjwa kwa mara ya kwanza husubiri siku 10 ndipo ianze kutumika.

Safari ya kurudi ndiyo wengi huipuuza. Kenya nayo ilidai kipimo cha PCR, kwa ukomo wa saa 96, hivyo ilibidi mtu ajue kabla ya kuondoka Mombasa ni wapi visiwani atapimwa na majibu yatampata vipi.

Masharti hayo ya Uviko-19 yameondolewa, lakini maradhi hayajaacha kuvuka mipaka: Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa mpakani Taita Taveta. Kwa hiyo, kila mnapopanga kuvuka, waulizeni maafisa wa afya wa bandari mnayokwenda, muulize tena siku ya kung'oa nanga, na majibu yao myaombe kwa maandishi.