Usilinganishe sivol na unene wa CryoSat-2

Ndugu, futa ramani uliyoiweka hapa kabla msimamizi wako hajaiona. Umechukua sivol, kigezo cha ujazo wa barafu ya bahari, kutoka modeli za CMIP6 (mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za tabianchi), ukailinganisha moja kwa moja na unene wa barafu ya bahari uliopimwa na setilaiti ya CryoSat-2, na sasa unauliza modeli zipi uziache kwa kuwa barafu yake ni nyembamba mno katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwe na Urusi. Kwa ushahidi huo huwezi kuiacha hata moja.

Mtego ni kwamba sivol huandikwa kwa mita, ilhali ni ujazo wa barafu uliogawanywa kwa eneo lote la kisanduku cha gridi (kipande kimoja cha ramani ya modeli), pamoja na maji yasiyo na barafu. CryoSat-2 hutenganisha mwangwi wa rada unaotoka kwenye nyufa za maji na ule wa mapande ya barafu, kwa hiyo unene wake ni wa barafu pekee. Kisanduku kilichofunikwa nusu na barafu ya mita 2 huonyesha mita 1 katika sivol, na modeli isiyo na kosa lolote inahukumiwa kuwa imepoteza nusu ya barafu yake.

Mimi niliambiwa na aliyenitangulia katika kazi hii kwamba sivol ndiyo ile sit, kigezo cha unene cha CMIP5, awamu iliyotangulia CMIP6, basi niendelee. Alisema kweli, na ndiyo maana bado ninamkasirikia, kwa sababu hakuniambia kwamba hata sit haikufaa kulinganishwa hivyo. Katikati ya Aktiki mwezi Machi barafu hufunika karibu eneo lote, hivyo ramani zangu zilipendeza. Kosa lilijitokeza pembezoni mwa barafu tu, mahali ambapo kila mtu hutarajia modeli zikosee, nami nikaandika sura nzima ya tasnifu kuhusu maji ya joto ya Atlantiki yaliyoyeyusha barafu ambayo haikuwa imeyeyuka. Lugha yake ilikuwa nzuri sana, nakuhakikishia. Mtahini aliuliza swali moja kuhusu kigawanyo, yaani eneo ambalo ujazo uligawanywa kwalo, na sura yote ikaondolewa.

Tumia sithick, kigezo cha unene wa barafu pekee bila maji wazi. Kwa modeli isiyoitoa, gawanya sivol kwa siconc, yaani sehemu ya kisanduku iliyofunikwa na barafu, ukikumbuka kwamba siconc huja kwa asilimia. Nilipoisahau hiyo 100, Aktiki yangu ilibaki na barafu ya sentimita chache, isiyotosha kupoza glasi ya juisi. Ondoa pia visanduku vyenye barafu chini ya asilimia 15, kwa maana kugawanya kwa namba ndogo hivyo huzaa unene wa uongo mkubwa kama milima. Ukichora upya, iweke hapa pamoja na jina la kila kigezo ulichotumia.