Neno la Kiingereza kwa maandishi yaliyojaa makosa

SWALI: Mhariri, nina duka la uchapaji Kirumba, Mwanza. Juzi mteja alinirudishia rasimu ya tangazo la wavuvi akiwa ameandika pambizoni neno moja tu: “mendose”. Je, ameniita mwongo?
Mchapaji, Mwanza

JIBU: La hasha, ndugu yetu. “Mendose” ni kivumishi cha Kiingereza kisichosikika sana siku hizi, chenye maana ya kitu kilichojaa makosa, hasa maandishi. Kimetokana na neno la Kilatini “mendosus”, ambalo limeundwa kwa “mendum”, yaani kosa au dosari, na kiambishi tamati kinachoonyesha kujaa. Kutokana na mzizi huohuo Warumi walipata “emendare”, kuondoa dosari, ambalo kwa kupitia Kifaransa likawapa Waingereza “amend”, neno la kurekebisha sheria, na “mend”, neno linalomfaa kabisa mvuvi anayeziba nyavu zake pale mwaloni. Anayesema uongo huitwa “mendacious”. Hilo ni neno jingine, na lina nia mbaya ndani yake.

Katika rasimu uliyotutumia, “siku ya kupiga kura” imechapwa “siku ya kupiga kula”, na “sangara” imekuwa “sangala” mara tatu. Mteja wako alikuwa na haki, ingawa kwa maoni yetu angeandika tu “makosa chungu nzima”, ungemwelewa papo hapo. Kabla ya kuchapa tena, mpe mtu mwingine aisome rasimu hiyo kwa sauti, neno kwa neno.