Sanskrini inaniacha mweupe kama nimemwagiwa unga, nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo dada, mi ni mama lishe hapa Mwanza, tangu nijifungue nina madoa meusi mashavuni na juu ya mdomo hayatoki, nikanunua sanskrini, mafuta ya kukinga jua, dukani nikipaka naonekana kama nimemwagiwa unga wa sembe, wateja wananiuliza unaumwa? Sasa nimeanza kuchota kidogo ile ya mwanangu, ana ualbino, anapewa kliniki. Niendelee nayo au kuna ya ngozi nyeusi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza ile ya mtoto mwachie mtoto, nakuomba sana. Zile zinazotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi ni kwa ajili ya wenye ualbino, wewe melanini yako, ile rangi ya asili ya ngozi, inakukinga kiasi, yeye hana hiyo kinga, kopo likiisha kabla ya tarehe ya kliniki wewe unabaki na madoa tu, yeye ni kuungua, vidonda na baadaye hata saratani ya ngozi.

Haya, tuje kwako. Geuza ile uliyonunua usome nyuma, nadhani utakuta zinki oksaidi au titani daioksaidi, hizo za madini ndo zinaacha weupe kwenye ngozi zetu, si mbaya na mara nyingi haziwashi. Za kemikali, zile zenye avobenzoni na wenzake, zinazama hazionekani, ila jasho likizishusha machoni zinachoma kweli na wewe uko jikoni kutwa. Kwa madoa yako mi ningechukua yenye rangi, ya kahawia kama faundesheni, ndani ina oksidi za chuma, maana madoa ya hivyo hayakolezwi na miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, peke yake, hata huu mwanga tunaouona kwa macho unayakoleza, na sanskrini zisizo na rangi zinauachia sana. Jaribu rangi kwenye taya, tena toka nje ya duka ujiangalie juani.

Namba ya kinga kwenye kopo, SPF, 30 inatosha, inazuia kama asilimia 97 ya UVB, miale ya UV inayounguza ngozi, 50 ni kama 98, usijikamue kwa ajili ya namba, ila hakikisha imeandikwa inakinga na UVA, ile miale ya UV inayozama zaidi ndani ya ngozi. Kamulia vidole viwili vizima, uso na shingo, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na ukijifuta jasho na khanga ujue umeifuta yote, paka tena. Joto la jiko nalo linayachochea, kaa mbali na moto unapoweza.

Mkorogo usiuguse kabisa. Siku ya kliniki ya mtoto mwonyeshe daktari na uso wako, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango mwambie.