Siku saba Oman: panga safari kwa kuifuata Ijumaa

Tangu niliposema hapa kwamba nimewahi kuzunguka Oman mara kadhaa na wageni kutoka kwetu, maswali yameingia kama mvua ya masika. Nimechagua sita. Ambaye swali lake halimo asikasirike, huenda jibu lake limejificha ndani ya la mwenzake.

Tuna siku saba tu. Tuanze wapi, tuishie wapi? (Baba wa familia, Dar es Salaam)

Usianze na ramani, anza na kalenda. Soko la mifugo la Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na ukilikosa umekosa kitu ambacho hakiuzwi siku nyingine. Kwa hiyo hesabu kinyumenyume. Ingia Muscat Jumapili. Jumatatu zunguka mjini. Jumanne shika barabara ya pwani kuelekea Sur, ulale karibu na Ras al Jinz, ufuko wanakotaga kasa. Jumatano panda Wadi Bani Khalid (wadi ni bonde la mto kati ya milima), jioni uingie jangwa la Wahiba. Alhamisi rudi bara kupitia Ibra, ulale Nizwa. Ijumaa sokoni, kisha ukae kitako mpaka watu watoke msikitini, maana mchana huo mji unafungwa. Alasiri panda mlima wa Jebel Akhdar. Jumamosi teremka upite ngome za Bahla na Jabrin, usiku uko Muscat.

Mawakala wengi watakuuzia mzunguko huuhuu lakini siku wamezipanga ovyo: unafika Nizwa Jumatatu, unaoneshwa uwanja mtupu, unaambiwa "hapa ndipo wanapouza mbuzi." Yalinikuta mimi mara ya kwanza. Nilipiga picha ya nguzo.

Hilo soko la mbuzi lina nini hasa? Kwetu Garissa mbuzi tunao. (Msomaji, Nairobi)

Mbuzi unao, mnada wa namna hii huna. Pale kati kuna banda la mviringo. Wanunuzi wanachuchumaa kulizunguka, wengine ndani, wengine nje, na kati yao inabaki njia kama ya kupita mtu na mnyama wake. Muuzaji hasimami. Anazunguka na kamba mkononi, mbuzi mdogo kambeba kwapani, huku akitaja bei kwa sauti. Mzee aliyevaa kanzu na jambia kiunoni ananyoosha mkono, anamshika mnyama, anamfungua mdomo kutazama meno, anabonyeza kiwele, anatikisa kichwa, na muuzaji anaendelea kuzunguka kwa bei nyingine. Mnada unaanza kama saa moja asubuhi, na saa tatu umekwisha. Utawaona pia kina mama wa Kibedui wenye barakoa usoni, na hao ndio wapatanaji wakali kuliko wote.

Ukitoka hapo ngome ipo hatua chache tu. Mnara wake mnene ulijengwa na Imamu (ndivyo Waomani walivyomwita mtawala wao) Sultan bin Saif, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Unapopanda ngazi za ndani, inua macho kila unapopita mlango: juu kuna matundu, na adui aliyeingia alimwagiwa asali ya tende inayochemka.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ngome nimeziona tangu utoto. Niache ipi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Ukibanwa na muda, Bahla itazame kwa nje. Ni kubwa, ya udongo, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987, lakini vyumba vyake ni vitupu. (Waomani wenyewe watakunong'oneza habari za majini na uchawi wa Bahla. Wasikilize, wana hadithi tamu.) Jabrin usiiache hata kwa dawa. Hiyo ni nyumba ya kuishi iliyovaa ngome: dari za mbao zimechorwa maua na maandishi, kuna chumba cha kusomea, na kuna chumba cha farasi ghorofani, naam, ghorofani.

Na kwako wewe wa Mombasa ina jambo la zaidi. Aliyeijenga ni Imamu Bil'arab bin Sultan, na kaburi lake limo humohumo, chini ya ngazi. Alikufa akiwa amezingirwa na ndugu yake wa damu, Saif bin Sultan, waliyegombea naye uimamu. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus mwaka 1698. Nilipomweleza hayo mgeni wangu mmoja kutoka Kibokoni, alikaa pale kando ya kaburi kimya, kisha akasema: "Kumbe balaa letu lilianzia kwao nyumbani."

Shikamoo. Nataka kukodi gari niendeshe mwenyewe. Naweza? (Kijana, Kampala)

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na barabara zao ni nzuri mno. Kumbuka tu kwamba wao wanapita kulia, si kushoto kama sisi. Hatari si barabara kuu, ni pale unapotoka kituo cha mafuta saa kumi na moja alfajiri hakuna gari lingine la kukukumbusha. Kamera za mwendo zimejaa, na ngamia hawana taa.

Kwa pwani na Nizwa gari dogo linatosha. Jebel Akhdar hulipandishi: polisi wako kizuizini chini ya mlima, na gari lisilovuta magurudumu yote manne linarudishwa. Jangwa la Wahiba nalo ni vilevile, na hapo usijitie ushujaa. Waache wenyeji wa kambi waje kukuchukua Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa. Ukishikilia kuendesha, simama mjini upunguze upepo wa tairi, maana tairi lililojaa linachimba mchanga na kujizika. Mgeni wangu aliyekataa kusikia alikwama dakika kumi tu baada ya lami kuisha. Aliyemkwamua alikuwa mtoto wa Kibedui wa miaka kama kumi na sita, anaendesha kwa mkono mmoja.

Kina mama tunaopenda maji tutafaidi nini? Na mavazi? (Mama na mashoga zake wanne, Tanga)

Mtafaidi sana. Wadi Shab mnavushwa kwa boti chini ya daraja la barabara kuu, halafu mnatembea kama dakika 45 juu ya mawe kati ya kuta za mlima. Mwishoni kuna madimbwi ya maji ya kijani mnayoogelea hadi kwenye mwanya wa jiwe, kichwa tu ndicho kinachopita, na ng'ambo yake ni pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea abaki kwenye dimbwi la kwanza na vitumbua vyake. Viatu vya kulowa ni lazima, kandambili zitawavunja miguu. Kukiwa na wingu zito milimani, msiingie wadi yoyote hata kama mlipo jua linawaka: maji yanashuka kwa ghafla.

Mavazi: ogeleeni na fulana na suruali nyepesi. Kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos buibui lenu na mtandio vinatosha kabisa. Wasio Waislamu wanaruhusiwa asubuhi tu, na Ijumaa hawaingii.

Kasa wa Ras al Jinz wapo mwaka mzima, ila wanapanda ufukweni kutaga kwa wingi kati ya Juni na Septemba, wakati ambao joto la nchi nzima halivumiliki. Mimi nawashauri mwende msimu wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Mkimpata kasa mmoja, shukuruni. Angalieni Ramadhani, miaka hii inaangukia humohumo.

Sijui Kiarabu, Kiingereza changu cha kuokoteza. Nitapotea? (Msomaji, Unguja)

Wewe wa Unguja ndiye wa mwisho kupotea. Waomani wengi walizaliwa au kulelewa Zanzibar, Pemba na bara, na baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos alipowaita nyumbani walirudi na lugha yao. Ukiwa Muscat, Sur au Ibra, ongea Kiswahili chako kwa sauti ya kawaida tu, usimlenge mtu. Atageuka mzee mmoja. Atakuuliza wa wapi, mtaa gani, nyumba ya nani.

Ukishakaribishwa, utapewa tende kwanza, kisha kahawa ya iliki isiyo na sukari kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kitajazwa tena kila kikiisha. Ukitosheka usiseme "basi," kitikise kikombe kushoto na kulia unapokirudisha. Mimi sikuambiwa hilo. Ibra nilikunywa vikombe tisa, na usiku ule nilizihesabu nyota zote za Wahiba.