Toledo kwa miguu: siku moja inatosha

Umeuliza kama siku moja inatosha kuitembelea Toledo, mji wa Hispania, ukiwa na mama yako mwenye shida ya magoti. Inatosha kabisa. Treni ya kasi kutoka kituo cha Atocha, Madrid, hufika Toledo kwa takriban nusu saa, na mji mkongwe ni mdogo, umezungukwa na mto Tajo pande tatu. Mama yako asiogope mlima: pale Recaredo, karibu na lango la Bisagra, kuna ngazi za umeme za bure zinazopandisha watu hadi juu. Ila huko juu vichochoro bado vinapanda na kushuka, tena ni vya mawe, kwa hiyo avae raba. Msiende Jumatatu, maana makumbusho ya mchoraji El Greco na sinagogi la Tránsito hufungwa.